Mbali Zaidi, Kasi Zaidi, Dhaifu Zaidi: Rekodi za Mawasiliano ya Angani kwa Kipimo cha Singida

Riwaya na filamu zimejaa viumbe wa sayari za mbali wanaopigiana simu kutoka nyota hadi nyota. Wakati hao wanaendelea kubuniwa, upo ustaarabu mmoja ambao tayari unarusha vyombo nje ya sayari yake, unazungumza navyo vikiwa mabilioni ya kilomita huko, na kila baada ya muda unavunja rekodi zake wenyewe. Ni wetu. Ulianza kazi hiyo 4 Oktoba 1957, Sputnik 1 ilipopaa kutoka Umoja wa Kisovieti: tufe la sentimita 58, kilo 83.6, na redio iliyolia angani kwa wiki tatu hadi betri zikaisha. Nguvu ya redio hiyo? Wati 1!

Mashindano bila kipimo ni ubishi wa kijiweni, kwa hiyo tukubaliane vipimo. Sensa ya 2022 iliukuta Mkoa wa Singida na wakazi 2,008,058. Chukulia kila mmoja wao, kuanzia bibi wa Mkalama hadi mtoto mchanga wa Itigi, ametumiwa meseji moja iliyojaa, herufi 160. Kwa biti 8 kila herufi, jumla yake ni biti bilioni 2.57. Huo ndio mzigo wa Singida, na kila mshindani hapa chini atapimwa kwa muda anaotumia kuufikisha. Kipimo cha pili ni barabara ya kutoka stendi ya Misuna, Singida, hadi Dar es Salaam, takriban kilomita 700. Cha tatu ni uwanja wa mpira wa vipimo vya kimataifa, mita 105 kwa 68. Haya, twende.

1. Mbali kuliko vyote: Voyager 1

Chombo hiki kilirushwa 5 Septemba 1977, na sasa kiko zaidi ya kilomita bilioni 25 kutoka tulipo. Hakuna kitu kilichotengenezwa kwa mkono wa binadamu kilichofika huko. Basi la kilomita 80 kwa saa, bila kusimama Manyoni wala Dodoma, bila dereva kula wala kulala, lingehitaji zaidi ya miaka 35,000 kukifikia. Chenyewe kinakata kilomita 17 kwa sekunde. Misuna hadi Dar ni sekunde 41.

Mawimbi ya redio ndiyo yenye mbio za kweli: kilomita 300,000 kwa sekunde, yaani umbali wa Singida hadi Dar zaidi ya mara 400 ndani ya sekunde moja. Hata kwa mbio hizo, neno kutoka Voyager 1 linatumia zaidi ya saa 23 njiani. Hesabu zinaonyesha kwamba Novemba 2026 umbali huo unatimia siku nzima ya mwanga. Hapo ukiuliza swali Jumatatu asubuhi, jibu unalipata Jumatano asubuhi.

Na bado kinatengenezwa! Novemba 2023 kilianza kutuma maneno yasiyosomeka. Wahandisi wa NASA wakagundua kwamba chipu moja ya kumbukumbu imekufa, ile inayobeba takriban asilimia 3 ya kumbukumbu ya kompyuta inayopanga data. Hakuna fundi wa kumtuma huko. Walichofanya ni kuyakata maagizo yaliyokuwa kwenye chipu hiyo vipande vipande na kuvipachika kwenye nafasi zilizobaki, kila jaribio likisubiriwa saa 45 kwenda na kurudi. Tarehe 20 Aprili 2024 Voyager ikaongea tena. Kumbukumbu za kompyuta zake zote kwa pamoja hazifiki kilobaiti 70. Picha moja ya simu yenye megabaiti 3 ingehitaji kompyuta za Voyager zaidi ya 40 kuihifadhi. Kwangu mimi huu ndio ufundi mkubwa kuliko wote uliofanywa na watu walio mbali na kifaa chao, na sioni mshindani.

2. Sauti dhaifu kuliko zote inayosikika

Redio ya Voyager inatumia wati 23 hivi, umeme wa taa moja ya sebuleni. Ikifika duniani, nguvu inayonaswa na dishi ni chini ya wati moja iliyogawanywa kwa bilioni, kisha ikagawanywa tena kwa bilioni. Kuinasa kunahitaji madishi ya mita 70. Liweke dishi moja la namna hiyo juu ya uwanja wa Liti, Singida, na litavuka mistari ya pembeni ya vipimo vyetu, kulia na kushoto. Yako katika vituo vitatu, Goldstone huko California, Madrid na Canberra, vilivyogawana mzunguko wa dunia ili chombo kikizama upande mmoja kionekane upande mwingine.

Kwa kawaida data inatiririka kwa biti 160 kwa sekunde. Meseji moja inakula sekunde 8. Mzigo wa Singida unakula siku 186, nusu mwaka usiku na mchana.

Pacha wake, Voyager 2, ana rekodi ya kuitwa kwa sauti kubwa. Julai 2023 amri yenye kosa iligeuza antena yake nyuzi 2 tu, na mawasiliano yakakatika. Canberra ikarusha ukelele wa redio kwa nguvu zake zote kuelekea chombo kilichokuwa karibu kilomita bilioni 20 huko. Saa 18 na nusu kwenda, saa 18 na nusu kurudi. Baada ya saa 37 jibu likaja: amesikia, antena imegeuzwa, kazi inaendelea.

3. Kasi kuliko zote: mwanga wa leza

Hapa redio inapokea kichapo. Mwaka 2023 kifaa cha Marekani kiitwacho TBIRD, kikiwa kwenye setilaiti ndogo, kilishusha data kwa leza kwa kasi ya gigabiti 200 kwa sekunde. Filamu ya gigabaiti 2? Zinashuka 12 kila sekunde. Mzigo wote wa Singida, wakazi milioni mbili na ushee, unaisha katika sehemu 13 za elfu za sekunde. Voyager nusu mwaka. TBIRD haikupi hata muda wa kupepesa jicho.

Lakini TBIRD ilikuwa kilomita zipatazo 530 tu juu, karibu kuliko Dar ilivyo kwetu. Mshindi wa kasi na umbali kwa pamoja ni leza iliyopachikwa kwenye chombo cha Psyche, kilichorushwa 13 Oktoba 2023. Tarehe 11 Desemba mwaka huo, kikiwa kilomita milioni 31 kutoka duniani, kilituma video ya sekunde 15 kwa megabiti 267 kwa sekunde. Mwigizaji mkuu alikuwa paka wa rangi ya chungwa aitwaye Taters, akikimbiza doa jekundu la leza juu ya kochi. Video ilisafiri sekunde 101 na kudakwa na darubini ya Palomar, California. Mzigo wa Singida kwa kasi hiyo ni chini ya sekunde 10. Desemba 2024 leza hiyohiyo iliwasiliana kutoka kilomita milioni 494, sawa na safari 705,000 za Singida hadi Dar. Adui yake ni wingu: likitanda juu ya darubini, leza haipiti, ilhali redio inapenya kama kawaida.

4. Subira ndefu kuliko zote

Chombo cha New Horizons kilipita kando ya Pluto 14 Julai 2015, kikakusanya data kwa pupa kwa sababu hakikuweza kusimama. Kuzituma nyumbani kulichukua miezi 15. Kipande cha mwisho kilipokewa 25 Oktoba 2016. Zote zilikuwa biti zaidi ya bilioni 50, kama mizigo 20 ya Singida.

5. Sikio kubwa, na mdomo mkubwa

Sikio kubwa kuliko yote la dishi moja ni FAST, darubini ya redio iliyokamilika 2016 katika bonde la milima ya Guizhou, China. Kipenyo ni mita 500. Panga viwanja vya mpira mstari mmoja, goli kwa goli, na cha tano hakitoshi kuingia chote. Ukihesabu eneo la mduara wake, unameza viwanja 27.

Mdomo ulikuwa Arecibo, Puerto Rico, dishi la mita 305. Tarehe 16 Novemba 1974 lilirusha ujumbe kwa makusudi kuelekea kundi la nyota la M13, umbali wa miaka 25,000 ya mwanga hivi. Ulikuwa biti 1,679, idadi iliyochaguliwa kwa sababu inagawanyika kwa 23 na 73 tu, ili anayeupokea aupange kuwa picha: namba, kemia ya uhai, umbo la mtu, jua na sayari zake. Ulitumwa kwa biti 10 kwa sekunde, ukaisha kabla ya dakika 3. Kwa mwendo huo mzigo wa Singida ungechukua miaka 8. Arecibo yenyewe iliporomoka 1 Desemba 2020, lakini maneno yake yanaendelea na safari.

6. Mzee wa kazi

Vanguard 1 iko juu tangu 17 Machi 1958, kilo moja na nusu hivi, ikiwa setilaiti kongwe kuliko zote zilizobaki angani, ila redio yake ilinyamaza 1964. Mzee anayeongea ni OSCAR 7, setilaiti ya wapenzi wa redio iliyorushwa 15 Novemba 1974. Mwaka 1981 betri zilipiga shoti na watu wakaizika. Miaka 21 ikapita. Juni 2002 mpenzi mmoja wa redio nchini Uingereza akasikia ishara zake: shoti ilikuwa imekatika yenyewe, na umeme wa jua ukapita moja kwa moja hadi kwenye redio. Tangu hapo inaamka jua likiipiga na kulala ikiingia kivulini, na watu wanaitumia kuzungumza kutoka bara hadi bara. Ina umri mkubwa kuliko Watanzania walio wengi.

7. Kituo cha kwanza kwetu: Tunguu, Unguja

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu watu wengi wa rika langu hawakufundishwa habari hii shuleni. Marekani ilipojiandaa kumpeleka mtu wake wa kwanza kuizunguka dunia, ilihitaji mnyororo wa vituo 18, viwili kati ya hivyo vikiwa melini. Kimoja kilijengwa Tunguu, Zanzibar, kwa makubaliano ya 1960 na Uingereza iliyokuwa ikitawala. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipita juu akiwa ndani ya Friendship 7, kwa takriban kilomita 28,000 kwa saa. Singida hadi Dar kwa mwendo huo ni dakika moja na nusu. Zanzibar ilikuwa na dakika chache tu za kuzungumza naye na kusoma vipimo vya mwili wake kabla hajatoweka juu ya Bahari ya Hindi na kupokewa na meli.

Lakini rekodi ninayoipigia saluti ni ya Mei 1963. Gordon Cooper, akiwa katika safari ya mizunguko 22 ndani ya Faith 7, alifungua redio akiwa juu ya Zanzibar na kuisalimia Afrika, akiwatakia mafanikio viongozi wa bara hili waliokuwa wakikutania Addis Ababa. Ulikuwa mwezi uleule ambao Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulizaliwa. Salamu ya heri kutoka angani kwa bara zima, ikipitia juu ya mikarafuu! Miezi mitatu baadaye, 23 Agosti 1963, Rais Kennedy na Waziri Mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa, walizungumza kwa simu kupitia setilaiti ya Syncom 2. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa wakuu wawili wa serikali kuongea moja kwa moja kwa njia hiyo, na upande mmoja wa simu ulikuwa Lagos.

Tunguu hapakudumu. Tangu awali wapo waliohofu kwamba ni kambi ya makombora, na baada ya Mapinduzi, Aprili 1964, serikali ya Karume iliagiza kituo kiondolewe. Kazi yake ikahamia Madagaska.

8. Jina bora kuliko yote: Uhuru

Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma baharini na kurusha roketi karibu kabisa na ikweta, ambako dunia inazunguka kwa kilomita 1,670 kwa saa na kuipa roketi msukumo wa bure. Setilaiti ya San Marco 2 ilipaa hapo 26 Aprili 1967. Kisha 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, ikapaa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kupima mionzi ya eksirei ya anga pekee. Wakaiita Uhuru. Orodha yake ilifikia vyanzo 339 vya mionzi hiyo, na neno la Kiswahili likaingia katika vitabu vya astronomia vya dunia nzima.

Urushaji ulikoma 1988, lakini masikio ya Malindi hayajalala. Setilaiti ya Swift, inayowinda milipuko mikali kuliko yote ulimwenguni tangu Novemba 2004, inashusha data zake hapo. Nyota inalipuka mabilioni ya miaka ya mwanga kutoka hapa, na taarifa inashukia pwani ya Kenya.

9. Ndogo, na ya nyumbani

Setilaiti ya 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilitolewa kutoka kituo cha anga cha kimataifa 11 Mei 2018. Ni mchemraba wa sentimita 10, wenye uzito wa kilo moja na ushee. Jogoo wa Singida aliyekomaa anaizidi bila kujitahidi. Uganda ikafuata na PearlAfricaSat-1 mwaka 2022, Kenya ikaongeza Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023.

10. Kelele iliyoipita Voyager

Mawimbi ya televisheni hayaishii kwenye antena za mapaa. Yanapenya na kutoka nje. Mwaka 1974 Televisheni ya Zanzibar ilianza kurusha matangazo, tena ya rangi, ya kwanza ya rangi katika Afrika kusini mwa Sahara. Tangu siku ile mawimbi yake yanakimbia kwa kasi ya mwanga. Yaliipita Vega, nyota iliyo miaka 25 ya mwanga, karibu 1999. Karibu 2015 yalifika TRAPPIST-1, nyota yenye sayari saba zinazokaribiana na dunia yetu kwa ukubwa. Sasa yamevuka miaka 50 ya mwanga, kilomita trilioni 473, na hiyo ni zaidi ya mara 18,000 ya umbali wa Voyager 1. Chombo cha mamilioni ya dola kimeachwa nyuma na mnara wa Unguja! Kweli, yamesambaa na kufifia kiasi kwamba hata sikio kubwa kama FAST lisingeyatambua kutoka huko. Katika mbio, anayefika ndiye anayehesabiwa.

11. Sekunde 72

Tarehe 15 Agosti 1977 darubini ya Big Ear, Ohio, ilinasa ishara kali karibu na megahezi 1,420, masafa ya haidrojeni. Ilidumu sekunde 72, muda wote ambao darubini iliweza kulitazama eneo lile. Mtafiti Jerry Ehman aliizungushia kalamu nyekundu kwenye karatasi na kuandika kando mshangao wa herufi tatu, Wow. Haijarudi. Siku 21 baadaye Voyager 1 ikaondoka duniani.

12. Barua itakayodumu kuliko zote

Kila Voyager imebeba sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu. Imepigwa chapa salamu za lugha 55, muziki wa dakika 90 na picha zaidi ya 100. Juu ya kifuniko kuna kipande cha urani, ambayo nusu yake huoza kwa miaka bilioni 4.5, ili atakayeiokota ajue imesafiri muda gani. Baada ya miaka 40,000 hivi Voyager 1 itapita miaka 1.6 ya mwanga kutoka nyota ya Gliese 445. Ndiyo nyota ya kwanza kukaribiwa kiasi hicho baada ya jua letu.

Afrika Mashariki na Kati imo. Wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri, Kongo, wanaimba wimbo wao wa unyago kwa sekunde 56, uliorekodiwa na Colin Turnbull. Kiganda kimo miongoni mwa lugha za salamu, pamoja na Kinyanja na Kiila. Kiswahili hakimo. Msimamo wa mashindano basi ni huu: Uganda na Kongo zimeshafunga, sisi bado, na chombo kitakachobeba sahani nyingine kikipatikana, salamu ya Kiswahili iwe ya kwanza kwenye foleni.